Ushuhuda wa Dakika Tatu

Mama huosha matumbo pale Kamakis. Kama umewahi kula matumbo upande ule wa bypass, barabara ya kuzunguka Nairobi, pengine ulikula kazi ya mikono yake. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi, karai mbili, kisu, chumvi na mfereji wa nyuma ya hoteli, na kufikia saa tano matumbo ya ng'ombe wawili yameshakuwa safi, yamekunjwa kama nguo. Anajua kuugeuza utumbo ndani ukawa nje bila kuupasua. Mimi nilijaribu mara moja nikaupasua. Hakunigombeza. Aliukata pale pale, akafunga fundo, akaendelea.

Naanza na hiyo kazi kwa sababu kwenye orodha ya kanisa walimwandika "mama wa nyumbani."

Jina lake ni Mbithe, lakini watu wa Kiuu, mtaa wetu hapa Ruiru, wanamwita Mama Kaluki, kwa sababu Kaluki ni mimi. Nina miaka kumi na sita. Shule niliachia darasa la saba, na tangu hapo namsaidia Mama asubuhi, jioni nasoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi ya kufungia mandazi. Sina maneno mengi. Watu husahau niko kwa nyumba, kwa hivyo nasikia mengi.

Mwezi wa kwanza Pasta Wanyoike alitangaza kwamba kanisa litatuma watu kumi Malawi, mwezi wa saba, siku tisa. Wangejengea chekechea moja ya huko jiko, wafundishe Biblia, wakutane na kina mama. Akasema wanahitaji mtu anayeweza kupikia watu mia mbili kwa kuni. Kanisa lote liligeuka likamwangalia Mama. Nani mwingine? Kila harusi, kila kesha, kila matanga tangu tuhamie Ruiru, sufuria kubwa ni yake.

Mama hajawahi kuvuka mpaka wowote. Alipopata pasipoti aliiweka ndani ya Biblia, na nilikuwa nikimwona akiitoa aangalie tu ule ukurasa wa picha, kisha anairudisha. Alipochanjwa homa ya manjano mkono ukafura, akawaonyesha wenzake wa Kamakis kama mtu aliyechanjwa na rais mwenyewe. Wakaanza kumwita "Abroad." Abroad, leta kisu. Abroad, hiyo maji umwage. Alikuwa anacheka. Nilifurahi naye, na nataka hiyo ieleweke, kwa sababu yaliyobaki nitayaandika kwa hasira.

Timu ilikutana kila Jumamosi saa nane. Mwenye kuipanga alikuwa Dianah, wa ofisi ya kanisa, ambaye ameshaenda misheni mara tatu na hapendi usahau. Siku ya kwanza alimpa kila mtu kadi ya manjano ya kuandikia ushuhuda. Ilikuwa na sehemu tatu: maisha kabla ya wokovu, siku ya kuokoka, na maisha sasa. Ushuhuda ni dakika tatu, kwa sababu kuna mkalimani, na ukiwa na mkalimani dakika tatu zinakuwa sita. Asiyekuwa na ushuhuda uliokubaliwa hasafiri. Mimi nilikuwa nimemsindikiza Mama, nimekaa nyuma, basi Dianah akanipa simu yake nishike saa. Ikifika dakika mbili na nusu ninyanyue mkono. Hiyo ikawa kazi yangu miezi sita.

Sasa nisimulie ukweli, halafu nisimulie walichoufanyia.

Nilipokuwa na miaka saba tulikaa Makongeni, Thika. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo. Nilikuwa na ndugu mdogo, Mumo, akafa na miezi minne, kifua kilimbana. Baada ya kumzika Mumo, Mama aliacha kuongea. Kisha akaanza kwenda kwa jirani mmoja aliyekuwa anapika pombe. Alienda mchana. Baba akitoka shifti anaenda kumchukua, na siku ambazo hawezi kutembea anambeba mgongoni, jua likiwaka, mbele ya wanaume waliokaa kibandani wakimuuliza kama amenunua gunia. Baba alikuwa ananiogesha. Alinisuka nywele, vibaya sana, nikaenda shule na mistari mitatu kama shamba lililolimwa na mlevi. Lakini mlevi hakuwa yeye. Hajawahi kuonja. Hajawahi kumnyooshea Mama mkono. Miaka miwili alibeba, halafu akaacha kazi akatuhamisha Ruiru, mahali hakuna mtu anatujua, na ni hapa Mama aliingia hilo kanisa akaacha pombe. Hiyo sehemu ni ya kweli. Siwezi kuibishia.

Ile Jumamosi ya kwanza Mama alisimama, ameshika kadi kwa mikono miwili. Akasema, "Nyumbani kwetu pombe ilikuwa imeingia, ikatumaliza."

Dianah alikuwa ameshaanza kuandika. "Mume alikuwa mlevi," akasema, kichwa chini.

Kanisani kwetu ni hivyo. Mwanaume akishuhudia, anashuhudia pombe. Mwanamke anashuhudia hasira, masengenyo, au mume. Mwanamke akitaja pombe, kila mtu anajua ni ya nani. Mama aliangalia kadi. Akafungua mdomo. Nilinyanyua macho kutoka kwa ile saa nikamngoja. Sekunde kama kumi zilipita, nazijua kwa sababu nilikuwa nazihesabu.

"Ndiyo," Mama akasema.

Jumamosi iliyofuata Dianah aliuliza kama huyo mume alikuwa anapiga. Mama akasema si sana. Ikaandikwa "alinipiga." Mwezi wa nne ikaongezwa kwamba tulilala nje. Mwezi wa tano mimi mwenyewe nikaingizwa, najificha chini ya kitanda nikilia. Kitanda chetu cha Makongeni kilikuwa godoro sakafuni. Nilikuwa nimekaa pale pale na simu mkononi, na hakuna aliyeniuliza kama nilijificha. Kila wakiongeza kitu wanapunguza kingine ili dakika zitoshe. Mumo alikuwa na sentensi moja. Ilitolewa mwezi wa sita.

Nilimuuliza Mama tukiosha vyombo. Akaniambia Baba anajua, na ni maneno ya kanisa tu, yatabaki Malawi, huko nani anamjua Nzioka, yaani Baba? Nikaenda kwa Baba. Siku hizi anaendesha van ya shule moja hapa Kiuu, alikuwa anafuta viti, watoto huacha makombo. Nikamwambia yote, hata kitanda. Alimaliza kiti kwanza.

"Wacha mama yako aende," akasema. "Amekaa chini miaka mingi."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Dianah.

Lakini maneno hayakungoja Malawi. Jumapili ya mwisho kabla ya safari ni ya kuwekewa mikono, na kila anayetumwa hutoa ushuhuda wake mbele ya kanisa, halafu mwenzi wake anasimama kando yake na kusema, "Namwachilia." Mama hakuwa ameambiwa hiyo mapema, au aliambiwa akatuficha. Baba alivaa koti lake la pekee. Mama akasema dakika zake tatu, macho yameangalia ukuta wa nyuma. Alifika pahali pa kupigwa, kina mama wakaguna. Baba alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele. Alipomaliza watu walimpigia makofi Baba. Pasta akamkumbatia, akampa maikrofoni, akamwomba aseme neno kwa wanaume ambao bado wamefungwa na chupa.

Baba akaishika. Nilijua hawezi kusema uongo, na nilijua hatamwaibisha Mama.

"Asanteni kwa kumwombea mke wangu," akasema. "Namwachilia."

Wakalia. Wazee walimfuata mpaka mlangoni wakimpa mkono, mmoja akamwambia uso wake bado una alama za pombe lakini Mungu atazifuta.

Kanisani siku hiyo alikuwepo Mama Mitchell, mwenyekiti wa wazazi pale shule anayoendeshea Baba. Kufikia jioni alikuwa ameandika kwenye grupu ya wazazi kwamba anamshukuru Mungu kwa wokovu wa dereva, lakini kama wazazi wana haki ya kujua ni nani anabeba watoto wao. Jumanne saa tano asubuhi Baba alirudi nyumbani kwa miguu. Sikuwahi kumwona nyumbani saa hiyo. Madam Viola, mwenye shule, alikuwa amemwomba funguo, akamwambia akae kando kidogo mambo yaangaliwe. Miaka sita ameendesha hiyo van, hajaikwaruza hata kioo.

Siku hiyo Mama hakuenda Kamakis, alikuwa anapanga begi. Safari ilikuwa Alhamisi. Baba alimweleza kwa maneno machache, kisha akasema si kitu, ni siku tisa tu, Mama akirudi wataona. Mama akakaa kitandani na fulana ya timu mapajani, ile ya bluu iliyoandikwa Tumetumwa. Akaanza kuikunja tena.

Hapo ndipo nilipoongea. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Mwaitu, mama yangu, alikubeba Makongeni yote ikiona. Na sasa umemshusha Ruiru yote ikiona."

Baba akaniambia nitoke nje. Nilitoka. Nilikaa kwa ngazi nikingoja kuitwa kuombewa, au kupigwa. Mlango ukafunguka, Mama akapita akiwa amevaa leso yake ya kazini, akasema, "Twende."

Tulimkuta Madam Viola ofisini kwake shuleni, na Mama Mitchell yuko naye, barua ya wazazi iko mezani. Mama hakukaa. Akasalimia, akasema, "Aliyekuwa mlevi ni mimi. Nilikunywa miaka miwili baada ya kuzika mtoto. Mume wangu alikuwa ananibeba."

Mama Mitchell alimwangalia kutoka chini mpaka juu. "Na Jumapili ulisema nini, mbele ya Mungu?"

"Nilisema uongo," Mama akasema, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

Madam Viola ni mwanamke wa kazi, si wa maneno. Alifungua droo akatoa funguo, akasema Nzioka aripoti kesho saa kumi na moja na nusu kama kawaida. Mama Mitchell alikuwa ameshatoka, simu iko sikioni.

Kufikia saa tisa Mama ameitwa kanisani. Nilibaki nje ya dirisha. Pasta Wanyoike aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Alisema ukweli ni mzuri lakini una wakati wake. Alisema timu haiwezi kubeba mkanganyiko mpaka nchi ya watu, kwamba ni vizuri Mama apumzike, apone kwanza. Mama ana miaka saba hajaonja pombe. Alimuuliza Pasta swali moja tu, nani atapika. Pasta akasema Mungu hutoa. Hakuna aliyemuuliza Dianah nani aliandika ile kadi.

Jumatano wakatuma ujumbe kwamba fulana irudishwe. Mama alikuwa ameshaifua na kuipiga pasi. Nilipeleka mimi.

Ofisini nilimkuta Dianah na Cindy, msichana wa kwaya aliyechukua nafasi ya Mama, ambaye sijawahi kumwona akiinua hata kifuniko cha sufuria. Cindy alikuwa amesimama, ana kadi ya manjano mkononi, anasoma: kuna mama mmoja kanisani kwetu, mume wake alikuwa mlevi sana, alikuwa akimpiga, watoto wakijificha chini ya kitanda. Dianah aliponiona hata hakuona haya. Alipokea fulana, akaninyooshea simu.

"Kaluki, afadhali umekuja. Tushikie saa."

Walijua. Wote wawili walijua, Ruiru nzima ilikuwa imejua tangu jana. Lakini ule ushuhuda ulikuwa umefanyiwa mazoezi miezi sita, ulikuwa unatosha dakika tatu, na hawakutaka upotee.

Sikuichukua simu. Nilichukua kadi kutoka mkononi mwa Cindy, nikamwambia, "Huyo mlevi anaitwa Nzioka. Leo asubuhi amebeba watoto wenu shule."

Dianah hakunifuata. Nikiwa mlangoni nilimsikia akimwambia Cindy asijali, ako na kadi nyingine.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Kamakis kama kawaida, mimi nimeshika karai. Basi ya kanisa ilipita kwa bypass ikielekea uwanja wa ndege, fulana za bluu zimejaa madirishani, wanaimba. Mmoja wa wenzake akaanza kusema, "Abroad, si hao ni..." akainamia karai yake. Mama aliwaangalia mpaka wakapotea. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka mferejini, hakuyafunga.

Kisha akaniambia nishike mwisho wa utumbo, vizuri, nisivute. Nikaushika. Nikauvuta kwa hasira, ukapasuka. Mama akaukata pale pale, akafunga fundo, akaendelea.