Herufi za Njano Usoni pa Anastazi

Watu wa Nkwenda walimwita mume wangu Mzee wa Bata, ingawa hakuwa mzee wala hatukufuga bata. Jina lake ni Elpidius, fundi redio. Kompyuta aliyoachiwa pale usharikani, kila ikiwashwa, ilionyesha kwanza picha ya ndege mweusi mwenye tumbo jeupe, amekaa kama aliyeshiba akashindwa kuinuka. Elpidius aliwaambia watu kwamba yule si bata, ni ndege wa nchi za barafu. Hawakumsikiliza.

Kompyuta iliachwa na mzungu mmoja, Joakim, aliyekuja kufunga umeme wa jua. Alimfundisha Elpidius mfumo wake, unaoitwa Linux, akamwonyesha programu ya kukatia video, kisha malaria ikamrudisha kwao. Nakumbuka Elpidius akinieleza huku anakula, tonge limesimama mkononi.

"Mama Deo, huu mfumo hauuzwi. Wameutengeneza watu wengi sana huko duniani, wengine hawajawahi hata kuonana. Kila mmoja anaongeza kipande chake, halafu anamruhusu mwenzake achukue."

"Kama kulimiana kwa zamu," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Ila shamba lenyewe halionekani."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa nakaa naye kwenye kile chumba cha kompyuta kwa sababu paa la nyumba yetu lilikuwa linavuja na mtoto wetu Deodatha alikuwa na kifua. Nilimnyonyesha mtoto nikitazama. Elpidius alikuwa anauchezesha mkanda wa harusi wa mteja kwenye deki, picha zinaingia kwenye kompyuta. Diski yake ilikuwa ndogo, harusi nzima haikuenea. Basi aliingiza sehemu moja, akaikata, akaiwekea maandishi na muziki, akairudisha kwenye mkanda, kisha akaifuta ili sehemu nyingine ipate nafasi. Na ule mfumo, ukiuambia futa, unafuta. Haukuulizi mara ya pili. Mikanda mipya ilitoka Bukoba, nayo ilikuwa ya shida, kwa hiyo wateja wengi walisema kazi irudishwe kwenye mkanda ule ule.

Wateja walikuwa na maneno. Wengine walicheka, "Kompyuta ya bure itatoa picha gani, Fundi?" Lakini walirudi. Elpidius alikata vizuri. Ukitazama harusi aliyoikata, unadhani siku ile hakuna mtu aliyetoka jasho.

Mwaka ule wa tisini na tisa, kabla ya mvua kuanza, alikuja mzee Byabato, mnunuzi wa kahawa. Alileta mkanda wa harusi ya mwanawe Gosbert. Harusi ilikuwa ya mwaka tisini na sita, video alipiga mtu wa Bukoba, na mkanda ulikaa kabatini vile vile ulivyotoka kwenye kamera. Sasa Gosbert alikuwa anabatiza mtoto, na mzee alitaka wageni waone kitu kilichonyooka. Akavuta kiti akakaa karibu na kioo.

"Hao wanaomenya ndizi, toa. Huyo mlevi naye, toa."

"Huyo ni mjomba wako, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia toa."

Tulicheka wote. Wakafika mahali ambapo mkewe, mama Eustadia, anampa bibi harusi nasaha. Chini, upande mmoja, kijana amepiga magoti na jagi na beseni, anawanawisha wazee mikono. Byabato akaacha kucheka.

"Na huyo."

"Nikimkata huyo, nasaha za mama zinaondoka. Wako pamoja kwenye picha."

"Basi mfunike. Sitaki ije kusemwa harusi yangu ilihudumiwa na wakimbizi. Hujui maneno ya watu siku hizi?"

"Kwani huyu ni mkimbizi?"

"Nitajuaje mimi? Alikuwa kibarua. Anaongea kile Kinyarwanda chao. Mfunike bwana."

Elpidius alifikiri kidogo, vidole vimetulia juu ya vitufe, halafu akaandika HONGERENI GOSBERT NA RENATHA kwa herufi nene za njano. Akazipitisha kutoka kulia kwenda kushoto, pale pale usawa wa kichwa cha yule kijana, zikafuatana tu mpaka nasaha zilipokwisha. Byabato akajipiga mapaja. Hata mimi niliona ni ufundi. Kazi ikarudishwa kwenye mkanda ule ule, juu ya ile ya zamani, na diski ikafutwa.

Mvua zilipokolea alishuka mama mmoja kwenye lori la kahawa, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Alisimama mlangoni hataki kuchafua sakafu.

"Shikamoo mama, karibu ndani," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Bambi, maskini, mtoto anakohoa. Huyu baba ndiye mwenye mikanda ya harusi?"

Jina lake Speciose, anatoka Rugu. Alikaa kwenye ukingo wa benchi akatueleza taratibu, kwa Kiswahili cha watu wa huku kwetu, chenye Kinyambo ndani na Kinyarwanda chini yake. Aliletwa kutoka Rwanda mgongoni kwa mama yake mwaka wa hamsini na tisa. Ameolewa Rugu, amemzika mume Rugu, na mwanawe mmoja, Anastazi, kazaliwa na kubatizwa hapo hapo. Kijana huyo alikuwa anafanya vibarua: kuchuma kahawa za watu, kupasua kuni, kuhudumia kwenye sherehe. Desemba ya tisini na sita, wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao, alikuwa amepeleka kuni kambini kama siku nyingine. Jirani alimwona barabarani katikati ya ule umati, amembebea bibi mmoja furushi, anasukumwa na mwendo wa watu. Hakuonekana tena.

"Mwinjilisti Cassian anakwenda Rwanda na watu wa kanisa mwezi ujao," akasema. "Kuna mahali wanabandika picha za waliopotea. Mimi sina picha. Siku ya kipaimara tulisema tutapiga, mvua ikanyesha, mpiga picha hakuja. Na kwa jina tu hawamtafuti mtu, waitu, ndugu zangu. Akina Anastazi wamejaa."

"Na harusi ni ya nani, mama?"

"Ya mtoto wa mnunuzi wa kahawa wa hapa. Alirudi nyumbani anajisifu: mama, nimeshika jagi, taa ya kamera imenipiga usoni, nimo kwenye video."

Nilimtazama Elpidius. Yeye alikuwa anatazama vitufe.

"Yumo, mama," akasema mwishoni. "Nimemwona. Lakini nilimfunika."

"Kwa kitu gani? Kwa nguo?"

"Kwa maandishi."

"Yanasemaje?"

"Hongereni."

Mama Speciose alimtazama vile unavyomtazama mtoto asiyejua kujifunga kamba za viatu. "Si uliandika wewe? Basi yafute."

Hapo ndipo Elpidius alipohangaika kumweleza habari za diski na mkanda, na yule mama akawa anaitikia, mm, mm, bila kuelewa, mpaka alipoelewa. Alivuta ule mfuko wa nailoni akaukunja vizuri juu ya magoti yake.

Kesho yake Elpidius alikwenda kwa Byabato kuomba mkanda. Alirudi amelowa.

"Amesema nini?"

"Amesema, 'Niliyetaka afichwe, ndiye unaniomba nikupe umfichue?'"

Lakini jioni mama Eustadia mwenyewe alikuja, mkanda umezungushiwa kanga kama mkate. "Mzee hajui," akasema. "Huyo kijana aliniwekea maji ya vuguvugu siku ile, kwa sababu mikono ilikuwa inanikakamaa. Fanyeni haraka."

Sasa niwaeleze alichokifanya mume wangu, kwa maana sijaona mtu akifanya kazi kwa uchungu vile. Video ni picha nyingi zinazopita haraka. Herufi zilikuwa zinatembea. Katikati ya herufi na herufi kulikuwa na nafasi nyembamba, na nafasi hiyo ilipita juu ya uso wa Anastazi kidogo kidogo: mara sikio, mara shavu, mara nusu ya jicho. Elpidius alisema atakusanya vile vipande, kimoja kimoja, aviunge. Kulikuwa na programu ya picha ndani ya mfumo ule ule, nayo ya bure. Alikaa mbele ya kioo kila siku betri za jua zilipomruhusu, na jua lenyewe halikutoka. Kompyuta ilikuwa inakwama, anaiwasha upya, yule ndege anatokea ametulia pale pale na tumbo lake, na Elpidius anamtazama kwa hasira kama mtu. Chakula nilimpelekea kikapoa. Deodatha alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa kiti chake, wala hakugeuka.

Mama Speciose alikuwa amefikia kwa mwinjilisti. Alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi na kumshika mtoto wangu. Alimwimbia kwa sauti ndogo vitu ambavyo sikuvijua.

Uso ulipokamilika, Elpidius alituita. Nikaona kijana mwenye macho mawili, pua, mdomo. Nikafurahi, kisha furaha ikanitoka. Wakati herufi zinapita, Anastazi alikuwa anainua kichwa kutoka kwenye beseni ili acheke na mzee anayenawa. Kwa hiyo jicho moja lilikuwa linatazama maji, la pili linatazama mtu. Upande mmoja wa mdomo ulicheka, wa pili ulikuwa haujaanza. Elpidius alikuwa amelainisha maungio vizuri mno, na huo uzuri ndio uliotisha. Alikuwa kijana mzima kabisa ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mama Speciose alisogea karibu. Aliangalia muda mrefu.

"Umefanya kazi, baba," akasema.

"Ndiye?"

"Vitu ni vyake." Akanyoosha kidole, hakugusa kioo. "Sikio ni lake. Hili jicho ni lake. Lakini huyu simjui."

"Kwa mbali anafanana, mama," nikasema mimi, kwa sababu sikuweza kukaa kimya.

"Mwanangu, wakimbandika huyu huko, watu watapita watasema hatumjui, na watakuwa wamesema kweli. Mimi nitaletewa jibu kwamba hayupo. Nitaliweka wapi jibu hilo?"

Elpidius alishika kichwa. Akamwambia anaweza kujaribu tena, labda akichukua macho yote mawili yanapotazama maji. Mama akakataa. Akaomba achezewe ile ya kwanza, yenye herufi. Tukaitazama. Anastazi akainua kichwa nyuma ya njano, akacheka kwa vipande, herufi zikampita. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema, "Hapo simamisha."

Picha ilisimama na herufi kubwa ya N imemlalia pua na jicho moja. Jicho la pili lilikuwa wazi, na mdomo, na ile shingo nyembamba inayoinuka.

"Nitolee hii."

"Mama, maandishi yatakuwa usoni. Watamcheka."

"Wamcheke. Ni yeye."

Printa ya usharika haikuwa na rangi. Njano ikatoka nyeupe, na Anastazi akatoka mweusi nyuma yake. Mwinjilisti Cassian aliiweka katikati ya Biblia isikunjike, na mama Speciose akarudi Rugu.

Cassian alirudi mwaka mpya umeshaanza. Mama Speciose alikuwa tayari amefika, amekaa kwetu, na ndani ya nyumba yetu ndimo alimopewa habari. Cassian alieleza kwamba picha ilibandikwa mahali pazuri, usawa wa macho. Alisema kati ya picha zote, hiyo ndiyo iliyowasimamisha watu zaidi. Wanasogea, wanasoma, wale waliowahi kukaa Tanzania wanawafasiria wenzao, kisha wanauliza ni nani ameoa.

"Na hakuna aliyemjua?"

"Hakuna, mama. Bado ipo pale. Nimeiacha."

Mama Speciose alimwondoa Deodatha mapajani, akanirudishia.

"Waliutazama uso," akauliza, "au walisoma tu?"

Mwinjilisti alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa pindo la shati. Elpidius alitoka nje.