Shikamoo ya Raskazone

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu. Serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma. Asubuhi nilifundisha watoto, na alasiri, mara tatu kwa wiki, nilifundisha mama zao na bibi zao, wamejibana kwenye madawati yale yale hadi magoti yanagonga mbao.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mjane mmoja, rika la mama yangu, mkulima wa kabichi kwenye miteremko ya juu ya Lushoto. Alifika kabla ya wenzake na kufuta ubao kwa kitambaa alichokuja nacho kutoka nyumbani. Nikiingia nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Naye aliitika, "Marahaba, mwalimu," akakaa na kulamba ncha ya penseli.

Siku moja niliwapeleka Irente kwa miguu, waandike majina ya vitu wanavyoviona kutoka kwenye jabali. Wengine waliogopa hata kusogea ukingoni. Yeye alikaa pale, daftari mapajani, akaandika "reli", kisha akaandika "mkonge". Aliniambia kwamba mumewe alivunjika mgongo katika mashamba yale ya bondeni, akarudishwa juu kwa machela.

"Na bahari iko wapi?" akauliza.

Nilinyoosha mkono kwenye ukungu wa mbali. Sikuwa na hakika, lakini mwalimu hasemi sijui. Aliutazama ule ukungu kwa muda mrefu, akashukuru.

Mwishoni mwa mwaka mratibu wa elimu ya watu wazima aliomba lori la ushirika ili darasa lipelekwe Tanga, wakaone mapango ya Amboni na ufuko wa Raskazone. Walimu wawili tulitakiwa kuwasindikiza: mimi na kijana mmoja aliyekuwa amehamia shuleni kwetu kutoka hukohuko pwani. Alikuwa anavaa shati jeupe katikati ya matope yetu, na Kiswahili chake kilitufanya wengine tuone haya kufungua mdomo. Alituita watu wa baridi. Nilimpenda. Nilikuwa tayari kucheka chochote anachocheka.

Tulitoka alfajiri. Pale Soni lori lilisimama, tukanywa chai ya chupa na kutazama maporomoko ya maji, kisha tukateremka hadi Mombo, joto likaanza kutuvua masweta. Kule Amboni akina mama walishikana khanga wasipotee gizani. Yule mjane alibaki nyuma, mlangoni, mbele ya kibao. Alikuwa anasoma kwa sauti, "U-si-gu-se," kidole kikifuata herufi. Alipomaliza alinigeukia na uso ambao sijauona tena kwa mtu. Nilimpigia makofi.

Katika lori, tukielekea ufukoni, kijana wa pwani alimwambia yule mjane kwa heshima zote, "Mama, unajua bahari ni mkubwa wetu sote? Mgeni akifika mara ya kwanza huiamkia. Isipoitika, hatii mguu majini."

Wenzake wachache waliguna. Yeye hakuguna. Aligeuka, akaniuliza mimi, "Mwalimu, ni kweli?"

Kijana alinikonyeza.

"Ni kweli, mama," nikasema.

Maji yalikuwa yamejaa na kutulia. Kulikuwa na watu wa mji wamekaa chini ya mivinje wakila mihogo. Yule mama alivua viatu na kuvipanga pamoja, akakaza khanga kiunoni, akateremka hadi mahali mchanga unapolowa. Akapiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwetu mbele ya wazee.

"Shikamoo," akasema.

Wale waliojua walijaza khanga midomoni. Alingoja. Akasema tena, kwa sauti zaidi. Bahari ilikaa kimya. Niliona mabega yake yakishuka, na nilijua wakati ule, vizuri kabisa, kwamba ningeweza kwenda kumshika mkono na kumwambia ni utani.

"Shikamoo," akasema mara ya tatu. "Mimi ni mgeni. Nimetoka Lushoto."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya shina la mvinje, na yule kijana bega kwa bega nami. Niliikaza sauti ikawa nzito, nikaitika:

"Marahaba!"

Ufuko mzima ulicheka. Watu wa mji walijipiga viganja mapajani. Kijana alinishika mkono kwa kicheko, akaniambia nina kipaji. Yule mama aligeuka polepole. Hakuwatazama waliokuwa wanacheka. Alikuwa ameisikia sauti yangu mara tatu kwa wiki mwaka mzima, na alinitazama mimi. Akachukua viatu, akaenda kukaa ndani ya lori, na hakushuka mpaka tunaondoka. Hakutia mguu katika yale maji.

Nilidhani ataacha darasa. Jumanne iliyofuata alikuwa amefika kabla ya wote, ubao umefutwa. Nilipoingia, kabla sijafungua mdomo, alisimama, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwanamke mwenye wajukuu ananiamkia mimi. Nikababaika, nikasema, "Shikamoo wewe, mama." Hakuitika. Alibaki ameinama, anangoja, mpaka nikageukia ubao na kuanza kuandika tarehe, chaki ikinikatikia mkononi.

Tangu siku hiyo aliniamkia kila mahali. Aliniamkia kwenye mlango wa kanisa watu wakitoka ibadani, akaniamkia kwenye foleni ya zahanati. Hakupaza sauti wala hakutabasamu. Mimi nikimwamkia, haitiki. Watu hawakucheka, walitazama chini, kisha walinitazama.

Mama yangu akaniuliza, "Umemfanya nini mama wa watu?" Nikamweleza. Nilitaka anisindikize kwenda kuomba radhi. Akasema, "Nenda mwenyewe. Mimi sikuwepo."

Nilikwenda. Nilimkuta anapalilia. Alinipa kigoda, akanipa uji, akakaa mbele yangu na kusikiliza mpaka nikamaliza kulia.

"Nimesikia," akasema.

Nilirudi nyumbani nimepona. Kesho yake, sokoni, mbele ya wauza karoti, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

Kijana wa pwani alikuwa ameisimulia hadithi ile katika chumba cha walimu mara nyingi kiasi kwamba walimu wengine waliniita Bahari. Alipoona watu hawacheki tena, akaanza kusema lilikuwa wazo langu. Likizo ilipofika alikwenda kwao kuoa.

Nilivumilia miezi mitano. Halafu siku moja ya gulio, mvua ikinyesha, nimetoka kusahihisha madaftari, kichwa kinaniuma, nilimwona anakuja katikati ya watu. Alitua kikapu chake cha kabichi kwenye tope, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikasema.

Ilinitoka tu. Nilitaka yaishe. Wauzaji wa pande zote mbili waliacha kupanga mafungu yao. Mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye alisimamia ubatizo wangu, alikuwa anachagua viazi, alivirudisha, akaondoka.

Yule mama aliinuka, akajifuta tope gotini.

"Asante," akasema. Akachukua kikapu chake akaenda zake. Hakuniamkia tena maisha yake yote, wala hakunitazama.

Mwezi wa nane alifanya mtihani wa kusoma na kuandika, akafaulu kuliko wote. Mgeni rasmi alimpa cheti, naye alikisoma chote kwa sauti mbele ya mkutano, pamoja na jina langu lililokuwa chini kama mwalimu wake, akarudi kukaa. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa safu ya pili na hakuna aliyenigeukia.

Mwaka uliofuata mratibu alipata lori tena. Akabandika karatasi mlangoni mwa darasa, wanaotaka kwenda kuona bahari waandike majina yao, kwa kuwa sasa wanajua kuandika. Ilikaa pale wiki tatu. Nilipita mbele yake kila alasiri, nikiingia kufundisha wanafunzi sita, kisha wanne. Mratibu aliniuliza kulikoni, nikamwambia labda ni kwa sababu ya mavuno. Akaibandua karatasi ile, haina jina hata moja, akaikunja, na mimi nikamwomba fomu ya uhamisho.