Fundi Vioo Anayengoja Harufu ya Siki Iishe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata ya chai, fundi vioo anaingiza kichwa ndani ya tangi tupu na kuvuta pumzi kwa pua. Anabaki hivyo kidogo, mikono kiunoni, kama mtu anayesikiliza kisima.

"Bado," anasema akitoa kichwa. "Siki inanuka bado."

Anachukua kalamu ya nta, ile anayotumia kuwekea alama vioo vya wateja, na kuchora mstari mdogo kwenye kona ya tangi. Ni mstari wa tano. Kila mstari ni siku moja tangu apake gundi ya silikoni kwenye maungio.

Tangi lina urefu wa sentimita mia na ishirini. Limekaa juu ya meza nzito ya mbao katika chumba cha mbele. Ng'ambo ya meza kuna kitanda cha chuma, na juu yake, akiwa ameegemezwa mito mitatu, amelala mkewe. Mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Macho yake yako wazi. Analitazama tangi kama mtu anavyotazama ukuta.

"Umelala vizuri?" mumewe anamwuliza, kama anavyomwuliza kila siku.

Bi Mkubwa anakohoa mara mbili, na kila akikohoa, mabega ya fundi yanapanda kidogo, kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi.

Fundi ana umri wa miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na nne amekata vioo, na madirisha mengi ya mtaa huu yamepita mikononi mwake. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki sawasawa. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Sare za watoto wa shule ya jirani, sketi kwa kaptula, alizishona yeye.

Miaka mitatu iliyopita, akiwa ameketi kwenye cherehani, kiharusi kilimpiga. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi.

"Na alikuwa msemaji huyo!" anasema jirani yao, mama anayeuza maandazi mlango wa pili. "Ukipita hapa bila kusalimia, unaitwa kwa jina mpaka unafika kona. Sasa mimi napita nasalimia peke yangu, najijibu peke yangu."

Hata macho yaliharibika. Yalikuwa yanaangukia kushoto tu, kana kwamba upande wa kulia wa dunia umefutwa. Mtaalamu wa mazoezi akawaambia watafute kitu kinachotembea, wakiweke mbele ya mgonjwa, macho yajifunze kukifuata kutoka kushoto kwenda kulia. Wakajaribu televisheni, akafumba macho. Wakaning'iniza mpira kwa uzi, akaugeuzia uso.

Dawa ilipatikana kwa daktari wa meno. Tangi la samaki la pale kwenye chumba cha kusubiria lilipata ufa, fundi akaitwa kubadilisha kioo. Alikwenda kuchukua vipimo, akajikuta ameshika futi mkononi na hapimi kitu. Alikuwa anamfuata samaki kwa macho.

"Nikageuka nyuma," anasimulia. "Wagonjwa wote, mashavu yamevimba, wengine wameshikilia taya, macho yao yanakwenda naye. Akienda kulia, wote kulia. Akirudi, wote wanarudi. Nikasema, huyu ndiye."

Samaki huyo ni kangaja. Ni mpana na mwembamba kama sahani iliyosimamishwa, ana mdomo mdogo uliochongoka, na pembeni mwa mkia amebeba wembe. Mtunzaji wa tangi lile, mzee ambaye wote wanamwita Mzee Chumvi kwa sababu mikono ya shati lake haikosi weupe wa chumvi, alimwonya mapema.

"Usimshike hovyo. Huyu ni fundi mwenzako, anatembea na kikata kioo chake."

Mzee Chumvi alimpa wawili wadogo, wa njano na wa kahawia. Fundi akampigia simu binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, kumweleza kwamba ameleta kangaja nyumbani.

"Zioshe vizuri, Baba," binti akajibu, akidhani ni yale machungwa madogo. "Na Mama ummenyee, asimeze maganda."

"Hawamenywi hawa. Wanaogelea."

Binti akauliza taratibu kama baba yake amekula.

Tangi la kwanza lilikuwa la sentimita sabini, na fundi alipewa likiwa tayari. Kazi aliyoifanya ni kujifunza maji. Chumvi yake inauzwa kwenye mifuko maalumu, kwani ya jikoni haifai. Alitumia mizani ya mkewe ya kupimia unga: gramu thelathini na tano kwa kila lita. Kila Jumamosi alitoa ndoo moja ya maji na kurudisha ndoo moja mpya. Umeme ukikatika, pampu inasimama, naye alikuwa akichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, dakika kumi kila saa. Kazi za madirisha zikapungua kutoka sita kwa wiki hadi tatu, maana hakuthubutu kwenda mbali.

Kangaja hula majani ya mwani mchana kutwa, kama mbuzi. Fundi aliyabana kwa kibanio cha nguo ndani ya kioo, upande wa kulia. Upande huo aliuchagua kwa makusudi. Wa njano akawa anakata tangi kushoto kwenda kulia, anang'ata, anarudi, anakwenda tena. Na siku moja macho ya Bi Mkubwa yakavuka katikati, yakamfuata mpaka kwenye kibanio.

"Niliacha kila kitu nikapiga magoti," anasema fundi. "Nilisema tu, Mungu wangu, Mungu wangu, kama mtoto."

Mwezi wa nne tangu samaki waje, ilitoka sauti. "Ka."

Fundi alikuwa amesimama anafuta kioo. Akageuka. Bi Mkubwa alikuwa anatazama upande wake na upande wa samaki, kwa kuwa wote walikuwa pamoja. "Ka," akasema tena, na uso ukamkunjamana kwa kazi ile.

Neno hilo moja likawafanya baba na binti wabishane wiki nzima. Fundi alisema ni kangaja, limekatika. Binti alisema ni kaa.

"Kaa nini?"

"Kaa, Baba. Keti. Kila akisema, wewe uko wima. Mara ndoo, mara kitambaa, mara jagi. Mama anakwambia ukae."

"Mama yako hajawahi kuniambia nikae tangu nimemwoa. Ni inuka tu."

Walicheka, na kicheko hicho, binti anasema, kilikuwa cha kwanza ndani ya nyumba ile kwa miaka miwili.

Lakini samaki wa njano alikuwa anakua. Alipofika ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, tangi likawa dogo. Alikuwa anafika kona kabla hajaanza mwendo, anageuka kwa ghafla, anajikwaruza mawe. Rangi ikaanza kupauka kichwani. Mzee Chumvi alikuja, akaangalia dakika tano, akatikisa kichwa.

"Huyu si samaki wa kukaa, Fundi. Huyu ni wa kwenda. Mpe njia."

Nani wa kumfundisha fundi vioo kutengeneza sanduku la kioo? Akakata vioo vya milimita kumi, akavisugua kingo kwa msasa, akaenda dukani kununua silikoni. Hapo ndipo palipoharibika.

Silikoni zilikuwa za aina mbili. Moja hunuka siki kali wakati inakauka. Nyingine hainuki kitu, na ni ile ambayo amewapakia watu bafuni miaka yote kwa sababu haishiki ukungu. Bi Mkubwa akinusa kitu kikali hukohoa mpaka machozi yanamtoka, na mlango wa chumba cha ndani haupitishi kitanda chake.

Fundi akachukua isiyonuka.

Lilitoka tangi safi, maungio yamenyooka kama mshono wa mkewe. Akalijaza maji, akayaacha wiki mbili, akawahamisha samaki. Siku hiyo wa njano alikwenda kutoka kona hadi kona bila kugeuka katikati, na Bi Mkubwa akasema "ka" mara nne.

Asubuhi ya tatu, wa njano alikuwa amelala ubavu chini, mashavu yakipiga haraka haraka. Wa kahawia alikuwa juu, mdomo nje ya maji. Fundi akamkimbiza wa kahawia kwenye tangi la zamani. Wa njano akamtia kwenye ndoo ya maji mapya, na ndoo akaiweka chini, kando ya kitanda.

"Sikuwa na nafasi nyingine ya kuiweka," anasema. "Alikuwa anaangalia. Samaki alikufa saa sita mchana, na mke wangu anaangalia."

Mzee Chumvi alipofika hakumwangalia samaki. Alipitisha kidole kwenye maungio ya tangi.

"Ulipaka ipi?"

Fundi akamletea mrija mtupu. Mzee akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma.

"Hii ina dawa ya ukungu ndani yake. Inatoka polepole inaingia kwenye maji. Mbona ulichukua hii, na wewe ndiye fundi?"

"Ile nyingine inanuka."

"Inanuka siki tu!"

"Siki inamkohoza mke wangu."

Mzee Chumvi akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Miaka thelathini na nne najisifu kwa watu," fundi anasema, akitazama mikono yake. "Nawaambia, nikipaka mimi haioti ukungu. Sijawahi kujiuliza kwa nini ukungu hauoti. Nilimwomba Mungu dawa ya mke wangu, akanipa, nikaiua kwa mkono wangu mwenyewe."

Tangu siku hiyo, Bi Mkubwa hajatoa sauti. Leo ni siku ya thelathini na nane. Wa kahawia yuko hai kwenye tangi la zamani, lililowekwa kwenye kiti miguuni mwa kitanda, lakini rangi yake inafanana na mawe na anapenda kujificha. Macho ya mgonjwa hayampati. Yamerudi kushoto.

Vioo vya tangi lenye sumu fundi hakuvirudia. Vimeegemezwa uani, na kuku wa jirani hupita wakijitazama. Amekata vingine, na safari hii amepaka silikoni ya siki. Ili mvuke wake usimkae mkewe kifuani, amebandua kioo cha dirisha na kuacha wavu mtupu.

"Shemeji," jirani wa maandazi anaita kutoka nje asubuhi hii, "unatuwekea vioo mtaa mzima, cha kwako umekiuza?"

"Nimekikopesha upepo," anajibu fundi bila kucheka.

Samaki mwingine yupo, ila ana siku zake. Daktari wa meno ameamua kuondoa tangi na kuweka televisheni, na mwisho wa mwezi ujao kila kilichomo kitatolewa. Mzee Chumvi, ambaye naye atakuwa hana kazi, amemwekea fundi kangaja wa njano. Masharti ni mawili. Siki iishe kabisa, halafu maji yakae mwezi mzima yakipimwa. Na siku ya kuwatia, wa kahawia naye ahamishwe saa ileile.

"Waingie wote wageni," anaeleza mzee. "Ukimtanguliza mmoja, atajiona mwenye nyumba, atamchanja mwenzake kwa mkia. Nikikupa mapema atakufa. Nikichelewa watamtoa. Sasa mimi na wewe tunanusa tu."

Kwa hesabu ya fundi, harufu ikiisha ndani ya siku tatu, zitabaki siku mbili za ziada. Ikiendelea wiki, hazibaki.

Je, akija huyo wa njano, Bi Mkubwa atasema tena? Daktari hakuahidi. Binti anayekuja kila Jumamosi haahidi. Mungu peke yake ndiye ajuaye kilichomo ndani ya mtu asiyesema.

Fundi anafunika kalamu ya nta. Anaangalia huku na huku kama anayetafuta kazi, ndoo ya kuhamisha, kioo cha kufuta. Hakuna. Tangi ni tupu na linajikaukia lenyewe. Kisha anavuta kigoda cha cherehani, kile alichokuwa amekalia mkewe siku ile ya kiharusi, na kukiweka upande wa kulia wa kitanda.

"Nilibishana sana na binti yangu," anasema. "Kama neno lile lilikuwa kangaja, namtafuta. Nitamleta nikijaliwa. Na kama ilikuwa vile anavyosema yeye…"

Anakaa. Magoti yake yanalia. Anaushika mkono wa mkewe, ule usiohisi, na kuuweka juu ya paja lake.

"Haya," anamwambia. "Nimekaa."

Bi Mkubwa anatazama kushoto, kwenye wavu wa dirisha. Fundi hainuki. Chai inampoa mezani, naye amekaa palepale upande wa kulia, anayasubiri macho ya mkewe yafike.