Salamu Kutoka Juu ya Punda

Miguu yangu haijawahi kunibeba. Nilikulia Mwaya, nikishinda mkekani barazani, mgongo umepinda. Niliwaamkia waliopita, walimwitikia mama, mimi wakaniruka kama kinu.

Kisha mjomba akanunua punda wa kubebea mpunga, akanipandisha. Siku ya kwanza nililia kwa woga. Lakini kila hatua ya yule mnyama ilikitikisa kiuno changu, ikanilazimisha kujishikilia nisianguke. Misimu kadhaa ya mavuno ikapita, mgongo ukanyooka, nikaweza kukaa bila kuegemea kitu. Sasa sokoni najipeleka mwenyewe, juu ya punda.

Juzi njiani nilimwamkia mzee jirani yetu: "Mugonile." Akafoka. Eti sina adabu, mwanamke wa Kinyakyusa humwamkia mkubwa akiwa amepiga magoti, siyo akimtazama kutoka juu.

"Shuka!"

Sikushuka.

"Baba," nikamwambia, "pale mkekani nilikuwa chini kuliko magoti, nikakuamkia miaka yote, hukuitika hata mara moja. Leo umenisikia. Itikia."