Rege Tamu na Mahari ya Nusu Bei

Jambo lote liligharimu yuan mia mbili na kumi na tano: diski kwa ishirini na tano, mashine ya kuichezea kwa mia moja na tisini. Nimehesabu mara mbili. Mke sikumtia kwenye hesabu kwa kuwa sikumpata.

Diski yenyewe ilikuwa albamu ya rege ya bendi ya Kimarekani. Kwenye jalada vijana wanne wamevaa kaptula, hakuna hata mmoja anayeelekea kudaiwa kodi. Niliinunua nyuma ya barabara ya Dengfeng, huku Uchina ninakofanyia biashara, kwa mzee anayeuza diski zilizokatwa pembeni. Hayo ni mabaki yasiyouzika Marekani. Yalitiwa msumeno ukingoni yasirudi sokoni, yakaletwa Uchina kama taka za plastiki, wajanja wakayaokoa. Nyimbo za mwanzo zinacheza vizuri. Wa mwisho ndio hukwama katikati. Mzee alitaka sitini. Nikasema ishirini, nikaondoka zangu, akaniita kwa ishirini na tano hata sijafika kwa muuza viazi jirani yake. Ndivyo tunavyonunua huku: bei ya kweli hutajwa ukishageuza mgongo.

Nilimnunulia mwanamke wa Unguja aliyekuwa akichukua magauni ya jumla soko la Shisanhang. Mimi nauza chaja na spika mtaa wa Xiaobei. Akishafunga mizigo yake tulikutana kwenye mkahawa wa mama mmoja wa Tanga, ghorofa ya pili, tukaweka mashine mezani kati ya chai na sambusa. Rege ile niliiona tamu mno, kama chai ya mtu asiyenunua sukari mwenyewe. Yeye alifumba macho.

"Hawa watu hawana shida yoyote," nilisema.

"Ndiyo maana nawasikiliza, bwana. Wenye shida nashinda nao kutwa."

Wimbo wa mwisho ukikwama, aliumalizia mwenyewe kwa kuimba, kila siku kivyake. Nilipotaka kuutafuta kwenye simu nijue unaishaje, alinipiga kofi mkononi. "Wacha! Wangu mzuri zaidi."

Jioni moja nikamwambia nataka kupeleka posa kwao. Kwetu mahari hutajwa na bibi harusi mwenyewe, naye akaitaja: shilingi milioni nne.

Naapa sikuwaza. Mdomo ulijiendea kama uko sokoni. "Mbili," nikasema. "Taslimu."

Alicheka kwanza. Kisha akaona mimi sicheki.

"Mimi gauni la Shisanhang, eti? Hutaki kunigeuza ukague na mshono?" Akachukua mkoba, akashuka ngazi.

Mama wa mkahawa akatoka jikoni na mwiko. "Mwite, we mtoto!"

"Nikimwita bei inapanda, mama."

"Bei ya nini, mwendawazimu?"

Nikabaki nimekaa. Nilimjua yule, bingwa wa kuondoka; nimewaona wauzaji wakimkimbilia hadi barabarani. Atageuka mlangoni tu, nikajiambia. Hakugeuka. Dirishani nikamwona anavuka Dengfeng, akapunguza mwendo kwenye kibanda cha vifaa vya simu, akasimama. Muuzaji akamwonyesha kava, yeye akatikisa kichwa, lakini hakuondoka. Alisimama pale muda mrefu kuliko kava ilivyostahili. Sasa najua alikuwa akingoja sauti yangu. Siku ile nilikuwa nangoja ateremshe bei.

Wiki ileile mzigo wake ukapanda meli, naye akapanda ndege. Simpigii, hanipigii. Mashine iko dukani kwangu, na albamu inaanza nikifungua mlango. Jirani yangu Mchina amechoka. "Laoban," maana wenye maduka wote huku ni mabosi, "huna nyimbo nyingine?" Namwambia ninazo, ila hizi ndizo zimenigharimu.

Sikujua rege isiyo na shida inaweza kumchoma mtu hivi. Wale vijana wanafurahi tu, na kati ya wimbo na wimbo namsikia akikoroga chai. Wa mwisho nauzima mapema, kabla haujakwama. Sina wa kuumalizia.

Juzi mteja wa Unguja kaniambia dada yule hajaolewa, ila kuna mwalimu kutoka Pemba kapeleka posa, na kwao wamemwambia angoje jibu hadi baada ya Idi. Idi haiko mbali.

Nishaurini, ninyi mliooa. Nikimpigia leo, nianze na zile milioni nne alizozitaja, au pesa nisizitamke kabisa? Na akiniuliza kwa nini sikumwita siku ile, nimjibu nini?