Nilivyojichunguza wiki nzima ndipo nikajua nani wa kunioa

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea kabla hamjazitoa: marahaba. Umri umekwenda, ila simu naibonyeza mwenyewe, na ninachosimulia hapa sijakitia chumvi.

Naona humu vijana mnaulizana sana mtajijuaje kama mmependa. Ngoja niwape yaliyonikuta Tabora, enzi za Mwingereza.

Nyumbani ni Kanyenye. Kila asubuhi mimi na mama tulikaanga vitumbua barazani kwetu. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Mhindi, alikaa fundi cherehani mmoja, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pwani. Kwa hiyo alikuwa anavuka, anachukua kitumbua bila kuomba, na huna ruhusa ya kukasirika.

"Wanyamwezi nyie! Mmebeba pembe za ndovu mpaka shingo zimezama mabegani!"

"Na nyie mlikaa mnapiga ngoma, mkisubiri tufike ndipo mle!"

Mama hoi kwa kicheko, wateja hoi.

Basi, karani wa stesheni akaleta posa. Kijana safi, mpole, viatu vinang'aa. Akipita tu moyo unanienda mbio. Nikajua haya ndiyo mapenzi yenyewe.

Baba akaniita. "Mwanangu, umeposwa. Unasemaje?"

Wakuu, kwetu binti akiulizwa hivyo akanyamaza, amekubali. Inasomwa Fatiha, kwisha habari. Na mimi ulimi ulikuwa umeganda! Nikajikaza.

"Baba, naomba unipe mpaka Ijumaa."

Alishtuka, ila akanipa.

Sikuwa na wa kumuuliza, maana mama alishampenda karani kuliko mimi. Nikaanza kujiangalia mwenyewe, kama unavyomchunguza mgeni aliyefikia kwenu. Lini nakula? Lini naimba? Lini namgombeza mdogo wangu bila sababu?

Nilichokikuta kilinichekesha. Siku karani akipita, nanawa uso kila saa, vitumbua vinaungua, ugali haupiti, jioni kichwa kinagonga. Kumbe namwogopa, jamani! Kama mtoto anayesubiri mwalimu akague kucha. Yeye hakuwa na kosa lolote, ni mimi niliyekuwa najibana mbele yake.

Siku fundi akija na maneno yake, nakula mpaka nakwangua sufuria. Kuna siku alikwenda Ipuli kupima nguo za harusi ya watu, nikanuna kutwa nzima. Mama aliponiuliza nikasingizia moshi.

Ijumaa baba akaniuliza tena, mama yupo.

"Sitaki, baba. Akiwa karibu, chakula hakinipiti."

Mama akashika kichwa. Baba akadakia.

"Na nani akiwa karibu kinapita? Au yule mtani wako wa cherehani?"

Nikanyamaza kimya, nikatazama mkeka.

Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya, mama yake, jibu umelisikia!"

Fundi wangu akaleta posa, nikakaa naye mpaka Mungu alipomchukua, na nilikuwa na furaha. Nasema wazi: furaha.

Nilichojifunza: moyo kwenda mbio si ushahidi, hata mwizi unamwenda mbio. Tazama unavyokula, unavyolala, na wimbo unaokutoka bila kujua.

Haya, jichunguzeni kuanzia kesho, halafu mje hapa mseme mmekuta nini. Na Wazaramo mliomo humu, nitukaneni tu. Nimewamisi.