Mkono Uliopungua Sentimita Saba

Kwa miaka thelathini na mbili Futi aliwapima watu viuno, na hakuna aliyefanikiwa kumdanganya. Mteja akivuta tumbo ndani, Futi alisimama na tepu mkononi akimuuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, mpaka pumzi ikaisha na tumbo likarudi mahali pake. Ndipo aliposoma namba.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi, mkono ukagoma. Kiwiko kilijikunja, vidole vikafumba ngumi, misuli ikakakamaa. Fundi cherehani asiye na mkono wa kushoto wa kuongoza kitambaa anabaki kuwa mlinzi wa cherehani, na cherehani yake haikuwahi kutishia kutoroka.

Hospitali ikamchoma sindano ya botulinum, sumu ambayo kwa kiasi kidogo hulegeza misuli iliyokaza. Dawa hiyo ni adimu, kwa hiyo kuna kamati. Kamati haijawahi kuuona mkono wa Futi na haioni sababu ya kuuona. Inataka namba mbili: ya kabla ya sindano, na ya wiki sita baadaye. Ya pili ikizidi ya kwanza, mgonjwa anapata sindano nyingine. Isipozidi, anapata pole.

Siku ya namba ya kwanza Futi alivaa suti aliyojishonea mwenyewe. Mkewe alimkanda mkono kwa maji ya moto tangu alfajiri, wasije wakaaibika mbele za watu. Kipimo chenyewe ni chepesi: mgonjwa anakaa kitini na kusukuma mkono mbele juu ya meza, na umbali unasomwa. Mkanda wa kumfunga kifua kwenye kiti ulikuwa umekatika bizimu. Basi Futi akasukuma mkono, na mkono ulipokataa akasukuma bega, kisha kifua, kisha kila alichonacho juu ya kiuno. Sentimita thelathini na nane. Mkewe alipiga makofi.

Wiki sita baadaye ngumi ilikuwa imefunguka. Futi alivaa shati bila msaada, akashona mapazia mawili, akaenda hospitali kwa madaha. Mkanda nao ulikuwa umepata bizimu. Mtaalamu wa viungo, msichana asiyetabasamu saa za kazi, akamfunga kifua.

"Thelathini na moja," alisema. "Mzee, umepungua saba."

"Mkono umepungua, au meza imerefuka?"

"Nasoma kilichoandikwa."

"Binti, mkono huu leo umejivalisha shati."

"Kwenye fomu hakuna shati."

Mkewe alimgusa bega. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba siku ile ulilala juu ya meza kama mtu anayetafuta kifungo nyuma ya kabati."

Futi alimgeukia mtaalamu. "Niliinama kidogo."

"Kidogo?" mkewe aliuliza.

"Niliinama."

Mtaalamu aliikata ile thelathini na nane kwa mstari mmoja ulionyooka vizuri. Ukweli umepokelewa, alisema, ila sasa mzee hana namba ya kwanza, na haiwezi kupimwa wakati dawa iko mwilini. Nguvu yake itaisha baada ya wiki sita hivi. Ngumi ikirudi, aje afungwe mkanda, apimwe akiwa katika hali mbaya, na tofauti ipelekwe kwenye kamati.

"Kwa hiyo niende nikasubiri kulemaa."

"Ukilemaa vizuri, mzee, kamati haitakuwa na neno."

"Na maji ya moto?" mkewe aliuliza.

"Msimkande, mama. Mtaharibu."

Futi yuko kibandani tangu siku hiyo, akishona kama mtu aliyeazimwa mkono. Anayeleta kitambaa anaambiwa akilete mapema. Mwisho wa mwezi ujao fundi hatapokea kazi: atakuwa na shughuli ya kulemaa, na safari hii hataki kujikweza hata kwa sentimita moja.